Arifa za barua pepe kila msimbo unapobadilika kwenye seva: tuziweke wapi?

Mwana wa Mikindani

Ndugu zangu, habari za kazi. Tuko wanne tunaotengeneza programu ya kupokea na kupima korosho kwa ajili ya vyama vya msingi: wawili tuko Mtwara mjini, mmoja Masasi na mmoja Lindi. Msimbo wetu tunautunza kwa Git, programu inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, katika seva ndogo iliyomo ofisini kwetu. Muda mfupi kabla ya msimu uliopita, mmoja wetu alibadilisha namna programu inavyokamilisha sehemu za kilo, akasukuma badiliko hilo kwenye seva bila kutuarifu, kwa kuwa aliliona dogo. Mwenzetu wa Lindi akaendelea kutumia toleo la zamani, hata mzigo mmoja ukaandikiwa stakabadhi mbili zenye uzito tofauti. Mkulima aliuliza ipi ndiyo ya kweli, na ilikuwa haki yake kuuliza, lakini hatukuwa na jibu la kumpa siku ile.

Tangu hapo nataka kila badiliko litangazwe lenyewe kwa barua pepe. Niliandika skripti ya post-commit kwenye kompyuta yangu, nayo inatuma vizuri, ila wenzangu walipochukua nakala ya hazina, yaani msimbo wote pamoja na historia yake, hawakuipata. Nimekosea wapi?

Fundi wa Nachingwea

Ndugu, skripti yako haina kasoro; mahali ulipoiweka ndipo penye tatizo. Skripti za aina hii hukaa katika saraka ya hooks, na Git hainakili saraka hiyo mtu anapochukua nakala ya hazina. Isitoshe, post-commit hufanya kazi pale unapohifadhi badiliko kwenye kompyuta yako mwenyewe, hata kama bado hujalisukuma, kwa hiyo wenzako wangepokea habari ya kitu ambacho hawawezi kukipata.

Unachohitaji ni skripti ya post-receive, tena iwe kwenye seva, ambako kazi za nyote wanne hukutana. Git huiita baada ya kupokea kila kitu na kuipa, kwa kila tawi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya hazina) lililobadilika, mstari wenye mambo matatu: alama ya hali ya zamani, alama ya hali mpya, na jina la tawi. Ukiisomesha mistari hiyo kisha ukaita git log --stat kati ya alama hizo mbili, utapata orodha ya mabadiliko, majina ya waliofanya, na mafaili yaliyoguswa. Kumbuka kwamba tawi jipya huja na sifuri 40 mahali pa alama ya zamani, na tawi lililofutwa huja na sifuri hizo mahali pa alama mpya. Usiposhughulikia hali hizo mbili, skripti itakwama siku usiyoitarajia. Hakikisha pia umeipa faili ruhusa ya kutekelezwa, kwa sababu isipokuwa nayo, Git haitaiendesha.

Mkazi wa Mtanda, Lindi

Naomba kuongeza jambo lililotusumbua sisi kwa muda mrefu. Anayesukuma kazi yake hawezi kuachiwa mpaka post-receive imalize. Skripti ikienda yenyewe kuitafuta seva ya barua iliyo mbali, na intaneti yetu huku kusini ikawa imelegea siku hiyo, mtu atakaa akitazama skrini akidhani kazi yake imekataliwa. Afadhali barua ikabidhiwe kwa Postfix, programu ya kutuma barua pepe, iliyomo kwenye seva hiyohiyo: huipokea mara moja, huiweka kwenye foleni, na mtandao ukikatika huendelea kujaribu kwa muda wa siku 5 kama hamjabadilisha mpangilio wake. Iagizeni ipeleke kwa mtoa huduma wenu wa barua kupitia mlango wa 587 kwa jina na nywila, kwa kuwa watoa huduma wengi wa intaneti huufunga mlango wa 25.

Anwani ya mtumaji nayo iwe ya seva, na ya aliyefanya badiliko iwekwe kama anwani ya kujibiwa. Mkiandika kwamba barua imetoka kwake ilhali imetumwa na seva, wapokeaji wanaokagua uhalali wa watumaji wataitupa kwenye barua taka.

Mwana wa Mikindani

Nawashukuru nyote. Nimeiweka post-receive, nimesimika Postfix, na barua ya kwanza imefika Masasi na Lindi. Swali lililobaki ni hili: je, itumwe barua moja kwa kila badiliko, au moja kwa kila msukumo? Mwenzetu mmoja husukuma mabadiliko hata ishirini kwa pamoja kila Ijumaa.

Babu wa Newala

Mwanangu, tuma moja kwa kila msukumo. Nilipokuwa nikitumia Subversion, programu nyingine ya kutunza msimbo, hapakuwa na swali hilo, kwa sababu kila badiliko lilikwenda moja kwa moja kwenye seva, na skripti ya huko ilipewa njia ya hazina na namba ya toleo, basi. Kwa Git, barua ishirini za mfululizo zitawazoesha wenzako kuzifuta bila kuzisoma, na ile ya kilo itapita humo humo. Kichwa cha barua kitaje tawi na idadi ya mabadiliko. Faili lenye hesabu ya uzito likiguswa, skripti iongeze neno UZITO mwanzoni mwa kichwa hicho.

Mwana wa Mikindani

Shikamoo, babu. Neno UZITO nimeliongeza jioni hii, na mwenzetu wa Lindi ameomba neno BEI liwekwe vilevile kwa faili la malipo. Nitaliweka kesho kabla hatujafungua tawi la msimu mpya.