Maji ya tindikali kutoka mgodi uliofungwa: nimwage slagi mtaroni?

Mlinzi_wa_Mtaro:
Wakuu, habari za majukumu. Naangalia mtaro unaotoa maji kwenye mgodi wa makaa ya mawe uliofungwa zamani. Yakitoka mdomoni mwa mgodi ni maangavu kabisa, ungedhani ya chemchemi. Hatua mia mbele yameshageuka rangi ya kutu na mawe yote yamevaa tope la manjano. Mita inasoma pH 3 (chini ya 7 ni tindikali, juu ya 7 ni alkali). Kokoto za chokaa tulizotandika mwanzoni zimeota ganda. Ukilipasua, jiwe ndani ni zima kama lilivyoletwa.

Sasa kuna kiwanda cha chuma kinachotaka kuondoa slagi yake (mabaki ya mawe yanayobaki chuma kikiyeyushwa), tukachukue bure. Nimeijaribu kwenye ndoo ya lita kumi: konzi moja ya slagi, saa moja baadaye pH 9. Nilifurahi kama mtoto. Je, nikiimwaga moja kwa moja mtaroni itafanya kazi? Na kwa pH 3 nahitaji kilo ngapi? Kuna jivu la mtambo wa umeme pia, kama linafaa. Naomba kuwasilisha.

Kapu_la_Mawe:
Ndoo si imeshakujibu, mkuu? Mwaga.

Mzee_wa_Bomba:
Usimwage, mdogo wangu. Mimi nilimwaga. Malori manne, tukasawazisha kwa majembe, wiki tatu za kwanza tukapiga picha na wakubwa. Mwezi wa nne slagi ilikuwa imeshikana kama sakafu nyekundu, maji yanapita juu yake bila kuigusa, na pH imerudi palepale. Ugonjwa ni ule ule wa kokoto zako: chuma kikikutana na alkali kinaganda hapohapo, juu ya jiwe lenyewe.

Slagi inyweshe maji safi. Tafuta kijito au maji ya mvua upande wa juu, yapitishe kwenye kitanda cha slagi, yatoke na alkali yake, ndipo yakutane na maji ya mgodi chini, mbali na slagi. Baada ya hapo weka bwawa la kutuliza tope, na liwe kubwa kuliko unavyofikiri, maana tope la chuma ni jepesi na halina haraka ya kuzama. Ukiletewa slagi usiiache ikae wazi msimu mzima. Inavuta kabonidayoksaidi ya hewani, chokaa yake inageuka kuwa kama ile ya kokoto, nguvu inapungua na kitanda kinaziba.

Kuhusu kilo, pH haikwambii mzigo wote wa tindikali. Mzigo mwingi umebebwa na metali zilizoyeyuka. Tuseme kila lita ina miligramu 112 za chuma ambacho hakijapata hewa (ndiyo maana yanatoka maangavu) na 54 za alumini. Chuma hicho kitadai chokaa ya mawe miligramu 200, alumini 300, na ile pH 3 unayoiogopa inadai 50 tu. Jumla 550. Mtaro wa lita moja kwa sekunde unapitisha lita 86,400 kwa siku, kwa hiyo ni kama kilo 47 na nusu za chokaa ya mawe iliyo safi kila siku, zaidi ya tani 17 kwa mwaka. Slagi yenye nusu ya nguvu hiyo, zidisha mara mbili. Umepima mtiririko?

Mlinzi_wa_Mtaro:
Shikamoo mzee. Nimetoka kupima sasa hivi: ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 8. Ni lita mbili na nusu kwa sekunde, na hiki ni kiangazi. Metali sijawahi kupima.

Dada_wa_Maabara:
Basi kaka peleka sampuli kabla ya kuagiza lori hata moja. Chupa ya sampuli ya kupimia metali itiwe asidi palepale mtaroni, la sivyo chuma kitaganda njiani na utaletewa namba ndogo za kukufurahisha.

Jivu ni la kuangalia sana. Kuna jivu lenye chokaa nyingi, na kuna ambalo halina kitu, inategemea makaa yaliyochomwa. Linaweza kuja na aseniki, seleniamu, boroni na molibdenamu. Chuma na alumini hushuka pH ikipanda, lakini aseniki, seleniamu na molibdenamu zinaweza kufanya kinyume, zikayeyuka zaidi kwenye maji ya alkali. Unatoa sumu moja unaingiza nyingine. Slagi nayo inaweza kuwa na kromiamu na vanadiamu. Loweka kila taka mara mbili, mara moja kwenye maji safi na mara moja kwenye maji yako ya mgodi, chuja, pima yote mawili.

Kama maji yako yana manganizi, metali nyingine hiyo, jiandae. Hiyo haishuki kirahisi mpaka pH ipite 9, na huko juu alumini uliyokwisha kuishusha inaanza kuyeyuka upya. Hata salfeti, chumvi inayokuja na tindikali ya mgodi, usitegemee iishe: ikiungana na kalisi ya chokaa inakuwa jasi, na jasi ikishatengeneza mashapo, bado miligramu zaidi ya elfu moja kwa lita zinaweza kubaki zimeyeyuka.

Mzee_wa_Bomba:
Marahaba. Na ile konzi yako ya slagi usiitupe. Mwaga maji, tia mapya ya mgodini juu ya slagi ileile, subiri saa moja, pima, rudia.

Mlinzi_wa_Mtaro:
Nimerudia siku nzima, mzee. Ndoo ya kwanza 9. Ya nne 6.8. Ya saba 4.2, na slagi imekuwa nyekundu kama matofali. Ile saa moja yangu ya jana ilinidanganya. Dada, chupa nimeshazitafuta. Kijito kipo upande wa juu, ng'ambo ya barabara ya malori. Kesho naenda na ndoo yangu kukipima kabla jua halijakikausha.