Naomba ushauri: ClassFormatError kwenye majaribio ya JUnit, ilhali Tomcat inafanya kazi vizuri

Habari wakuu. Programu ya servleti (ya wavuti, kwa Java) inajengwa kwa Maven (zana ya kujenga miradi ya Java), na pom.xml, faili lake la mipangilio, ina maktaba ya javax:javaee-api:6.0 kwa skopu ya provided, yaani seva ndiyo itakayoitoa. Ndani ya seva ya Tomcat 7 haina shida. Ila mvn test, amri inayoendesha majaribio ya JUnit, inakwama:

java.lang.ClassFormatError: Absent Code attribute in method that is not native or abstract in class file javax/servlet/http/HttpServlet

Chanzo kinajulikana. Jar (faili la maktaba) hiyo ya javaee-api imeondolewa miili ya metodi, yaani msimbo ulio ndani yake. Inatosha kukompaili tu. Skopu ya provided haiingii kwenye WAR (kifurushi kinachowekwa kwenye seva), hivyo Tomcat hutumia servlet-api.jar yake iliyo kamili. JUnit haina seva, kwa hiyo hupakia hiyo jar tupu.

Nimeweka javax.servlet:javax.servlet-api:3.0.1 juu ya javaee-api, kwa sababu Maven hupanga classpath (orodha ya mahali Java inapotafuta klasi) kwa mfuatano wa pom. HttpServlet imepona, lakini kosa limehamia javax/mail (klasi za barua pepe).

Je, niifute javaee-api kabisa na kuweka jar moja moja zenye miili, au kuna njia salama zaidi? Naogopa suluhisho linalotegemea mpangilio wa mistari: mtu akiipanga upya pom, kosa linarudi.