Mteremko wa mstari kwa nukta mbili: mbona majibu matatu?

Mwanga_Kgm: Wakuu habarini. Nukta ni A(−2, 7) na B(4, −5). Mimi nimepata mteremko −6, mwenzangu kapata 2, kitabu kinasema −2. Nani kakosea wapi?

Grafu_Ujiji: Kitabu kiko sawa. Badiliko la y unaligawanya kwa badiliko la x. Ukitoka A kwenda B, juu ni −5 − 7 = −12; chini ni 4 − (−2) = 4 + 2 = 6. −12 ÷ 6 = −2. Wewe juu umepatia, ila chini umeandika 4 − 2, ile hasi ya −2 ukaimeza. Mwenzako kachanganya mpangilio: juu katoa B kwenye A akapata 12, chini katoa A kwenye B. Anzeni na nukta yoyote, lakini iliyotangulia juu itangulie na chini. Namba hasi ivisheni mabano kwanza, ndipo mtoe.

Boma_Tbr: Kuhakiki ni rahisi. Simama A, sogea kulia 1, shuka 2: (−1, 5), (0, 3), (1, 1), (2, −1), (3, −3), (4, −5). Umefika B. Kwa −6 ungeipita mbali, kwa 2 ungekuwa unapanda.

Mwanga_Kgm: Nimeelewa. Na (3, 1) na (3, 8)? Nimepata 7/0, nikaandika 0.

Grafu_Ujiji: Hapo umekosa. 0 ni ya mstari uliolala, mfano (1, 3) na (8, 3). Wako umesimama wima. Kugawanya kwa 0 hakuna maana, kwa hiyo mteremko wake haupo.

Boma_Tbr: Niongeze vizio, maana vinaangusha wengi. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Kigoma ufukweni kama 770, reli kati yake kilomita 400 na ushee. −430 ÷ 400 ni −1.075, lakini hiyo ni mita kwa kilomita. Ukisahau vizio, treni inashuka kwa zaidi ya nyuzi 45! Geuza kilomita ziwe mita: −430 ÷ 400,000, karibu −0.001. Tena huo ni wastani tu, njiani reli inapanda na kushuka.

Mwanga_Kgm: Kwa hiyo kwenye lile swali la kwanza niandike vizio?

Boma_Tbr: Hapana, pale x na y ni namba tupu. Andika −2, basi.