MREJESHO: Usaili wa MMed ya Radiolojia

Habari zenu wakuu. Niliwauliza kama daktari anayemaliza intern hapa Mbeya anaweza kuomba MMed (shahada ya uzamili ya udaktari bingwa) ya Radiolojia, yaani fani ya picha za kitabibu, Dar, ile ya miaka 3, na usaili wake ukoje. Nimechaguliwa! Namshukuru Mungu.

Vyeti, usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika na barua za wadhamini havikunisumbua. Kazi ilikuwa kwenye usaili. Nilioneshwa eksirei ya kifua: kushoto kweusi tii, pafu limesinyaa, trakea (bomba la hewa) imesukumwa kulia. Mlinisisitizia nieleze ninachokiona kabla ya kutaja ugonjwa, nami nikafanya hivyo. Wasaili wakauliza, "Ungemfanyia nini?" Nikasema mgonjwa wa hivi akizidiwa hasubiri hata hiyo picha, hewa iliyonaswa kifuani nje ya pafu itolewe kwanza. Hapo nikaona nyuso zao zimebadilika. Kwa mjamzito mwenye maumivu ya tumbo nilianza na ultrasaundi, kwa kuwa haitumii mionzi kama siti skani.

Dada uliyenishauri nikae na watu wa eksirei jioni baada ya zamu, ubarikiwe sana. Wale wanajua picha!

Ada bado. Aliyewahi kupata ufadhili anielekeze pa kuanzia.