Kirungu cha bolti ya bunduki: cha kubana, cha nyuzi, au kubadilisha mkono mzima?

Darubini_Juu
Wakuu, habari za jioni. Bunduki ni Remington 700 ya risasi za .30-06, ina leseni, ina darubini. Bolti, yaani kile chuma kinachofunga nyuma ya chemba ya risasi, ina mkono wa kuivutia, na kirungu cha mwisho wa mkono huo ni kidogo; kwa joto la huku kiganja kikilowa jasho kinateleza. Nimeona aina tatu: kifuniko cha kubana juu ya kirungu cha zamani kwa skrubu mbili, kirungu cha alumini cha kufunga kwa nyuzi kama za skrubu, na mkono mzima wa bolti wa kubadilisha. Nyumbani Kigamboni kuna jiliwa, tupa, msumeno wa chuma, drili ya mkono na venia ya kupimia. Kipi kinafanyika bila kuharibu bolti? Naomba vipimo.

Tupa_na_Msasa
Mkuu, kabla ya kuangalia kirungu, angalia mkono wa bolti umeshikaje kwenye mwili wa bolti. Jibu lote linatoka hapo.

Tikka T3 na T3x: mkono unatoka wenyewe. Unazungusha kofia ya nyuma, unatoa pini ya kupigia fataki pamoja na springi yake, mkono unachomoka. Unaweka mkono mpya wenye nyuzi, unarudisha. Hakuna kukata kitu.

Savage 110: mkono umeshikwa na skrubu kubwa ya nyuma ya bolti. Fungua, badilisha, funga. Angalia tu mpangilio wa vipande usigeuke, kwa hiyo vipange mezani kwa mfuatano ulivyovitoa.

Mauser 98: mkono na mwili ni chuma kimoja. Hapo hakuna cha kuchomoa.

Remington 700 yako: mkono ni kipande cha pekee kilicholehemiwa kwenye mwili wa bolti. Kwa hiyo "kubadilisha mkono mzima" kwako ni kazi ya fundi bunduki mwenye leseni, kwa sababu mkono ukikaa nje ya nafasi yake kwa kiasi kidogo tu, bolti haivuti ganda vizuri unapoinua. Zimebaki mbili: cha kubana, au cha nyuzi.

Leth_ya_Gerezani
Naongezea kwenye cha nyuzi, maana ndipo watu wanapoharibu.

Usikate kirungu cha zamani na kukitupa. Shina jipya linatoka ndani ya kirungu hichohicho. Unakipunguza pande zote mpaka kibaki kijiti cha duara, kisha unapiga thredi, yaani unakata nyuzi kwa dai, kile kifaa cha kukatia nyuzi nje ya kijiti. Ukikikata chote, unabaki na mkono mfupi usio na pa kushika nyuzi.

Virungu vingi vya dukani vina nyuzi za 5/16-24, yaani inchi 5/16 na nyuzi 24 kwa inchi. Vipimo vya kufanyia kazi:

– Kipenyo cha shina kabla ya dai: milimita 7.8 hadi 7.9. Likiwa 8.1, dai linang'ata na kurarua nyuzi. Likiwa 7.5, nyuzi zinatoka fupi na kirungu kinacheza.
– Urefu wa shina: pima kina cha tundu la kirungu, toa milimita 1. Tundu la milimita 17 linataka shina la 16, na hapo kirungu kitaingia kama mizunguko 15.
– Bega, pale shina linapoanzia, liwe bapa kabisa. Bega likiwa na mteremko, kirungu kinakaa upande mmoja na kitalegea hata ukipaka gundi gani.

Kwenye jiliwa shika mkono wenyewe karibu na kirungu, katikati ya vipande viwili vya alumini. Usishike mwili wa bolti ukaanza kuzungusha dai huku mwisho wa mkono. Nguvu yote inaenda kwenye ule ulehemu, na ulehemu ukiachia, kirungu si tatizo lako tena.

Dai lianze likiwa wima kwa shina. Zungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma, mafuta ya kukatia muda wote. Ukifika karibu na bega, toa dai, ligeuze, lipitishe kwa upande wake wa pili. Meno ya upande wa kuanzia yamekatwa mteremko kwa hiyo hayafiki mwisho, ndiyo maana virungu vingi vinaacha pengo la nyuzi mbili chini yake.

Darubini_Juu
Shukrani sana mkuu. Swali: madukani Kariakoo nimeona dai za M8 tu. M8 ni milimita 8 na 5/16 ni 7.94. Si zinakaribiana?

Leth_ya_Gerezani
Kipenyo kinakaribiana, hatua ya nyuzi, yaani umbali wa uzi mmoja hadi mwingine, haikaribiani. M8 ya kawaida ina hatua ya milimita 1.25. 5/16-24 ina milimita 1.058. Kirungu hakitaingia hata mizunguko miwili.

Ya hatari zaidi ni M8 laini ya hatua 1.0. Hiyo inaingia! Unazungusha mara tatu, nne, unajiona umepata. Kufika mzunguko wa tano tofauti imekuwa karibu milimita 0.3, kinakaza, mtu anachukua koleo kumalizia, alumini inaliwa. Kirungu kikianza kukaza kwa vidole kabla hakijafika begani, kirudishe.

Na ukiomba dai ya 5/16, taja 24. Ipo pia ya nyuzi 18, zote zimeandikwa 5/16 na kwa macho ya haraka zinafanana.

Mpingo_Mkavu
Mbona mnamfunga na 5/16? Hakuna sheria ya chuma inayosema lazima. Akipiga shina lake M8 ya hatua 1.25, atengeneze kirungu chake mwenyewe: tundu la biti ya milimita 6.8, kisha tepu ya M8, ile ya kukatia nyuzi ndani ya tundu. Seti ya tepu na dai ya M8 ipo kila duka la vifaa. Anachopoteza ni kimoja, hawezi tena kununua kirungu cha dukani kikaingia.

Faida yake kubwa ni hii: kirungu peke yake si silaha. Unaweza kumpa mkerezaji yeyote kipande cha alumini au mpingo pamoja na boliti ya M8 ya kujaribia, akakereza, na bolti ya bunduki isitoke nyumbani.

Kwa mpingo, usikate nyuzi kwenye mti moja kwa moja, zitameguka. Weka bushi ya shaba: nje M12, ndani M8, igandishwe kwa epoksi. Mti uwe umekauka kabisa. Mpingo mbichi ukitobolewa unapasuka kufuata nyuzi za mti, wiki kadhaa baada ya kazi kuonekana nzuri. Toboa kwa kasi ndogo ukipumzisha biti, maana joto nalo linaupasua.

Chumvi_ya_Pwani
Tuongee uzito na kutu, hayo yamerukwa.

Tufe la milimita 25: la chuma ni kama gramu 64, la alumini kama 22, la plastiki ngumu ya uhandisi kama 12. Tofauti ya gramu 40 kwenye ncha ya mkono si ndogo. Bunduki ikipiga teke, uzito huo unataka kubaki palepale na unavuta kwenye ulehemu na kwenye nyuzi. Kwa .30-06 alumini inatosha. Kirungu cha chuma ni cha bunduki nzito ya kulengea shabaha, si ya kubeba porini.

Kutu: alumini juu ya chuma, hewa ya bahari, jasho. Vinakulana. Unga mweupe unajaa kwenye nyuzi na kirungu hakifunguki tena. Dawa ni kusafisha nyuzi kwa aseton, kupaka gundi ya nyuzi ya bluu, Loctite 243, tone moja au mawili, kisha kuacha saa 24. Gundi hiyo inaziba unyevu pia. Usitumie nyekundu, ya 271. Kuifungua kunataka moto wa nyuzijoto zaidi ya 200, na huwezi kupeleka moto huo kwenye mkono uliolehemiwa.

Kati ya kirungu na bega weka oringi nyembamba. Inazuia maji na haiachi alama.

Pale ulipokata rangi nyeusi imeondoka. Dawa ya kupaka weusi bila moto ni sawa, ila ina asidi. Usipoisuuza kwa maji na kuikausha, kisha mafuta, kwa hewa ya Kigamboni utakuta wekundu asubuhi ya pili.

Tupa_na_Msasa
Mkuu Chumvi umenena. Nami nakitetea kidogo kile cha kubana, kwa sababu kimedharauliwa. Hakiharibu kitu, kinatolewa kwa ufunguo mdogo wa pembe sita, na bunduki ikiuzwa inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Ubaya wake ni viwili. Kinanenepesha kirungu pande zote, pamoja na upande wa darubini. Na skrubu zake zinalegea kwa teke, hivyo nazo zinataka tone la gundi ya bluu. Anayepiga mara chache kwa mwaka anatosheka nacho. Kwa kazi ya tupa, mtu aliyewahi kutumia dai kwenye vyuma vya kawaida mara nyingi ndiye aianze, tena baada ya kujaribu kwenye nondo ya milimita 10 kwanza.

Mlango_wa_Pili
Kuna suala la Mauser limepita juujuu. Chuma cha Mauser 98 kimepewa ugumu wa juu juu. Pitisha tupa kali taratibu kwenye kirungu. Ikiteleza kama juu ya kioo bila kula chuma, simama. Utaharibu tupa, utaharibu dai, na nyuzi zitatoka na mapengo. Na kuchomelea mkono mpya si kazi ya nyumbani hata kidogo. Karibu na mzizi wa mkono ndipo ulipo mteremko unaovuta pini ya kupigia nyuma, na mbele kuna meno mawili yanayozuia nguvu ya risasi. Moto ukifika huko chuma kinalainika, na kwa macho hutaona tofauti yoyote.

Sasa kwa wote, aina yoyote ya kirungu. Risasi ziwe chumba kingine, chemba ikaguliwe kwa jicho na kidole, ndipo bolti itolewe. Fungua bolti utoe pini. Ziba tundu la pini na kivuta ganda kwa mkanda wa karatasi kabla ya tupa kugusa kitu. Chembe moja ya chuma ndani ya bolti inapunguza nguvu ya pini, fataki inaguswa bila kulipuka, na utahangaika kulaumu risasi.

Ukimaliza, rudisha bolti tupu na ufanye haya. Inua mkono mpaka mwisho: kati ya kirungu na kioo cha nyuma cha darubini pawe na nafasi ya kidole. Kisha funga mpaka chini na upitishe kipande cha karatasi ya daftari kati ya mkono na mti wa kitako, kuanzia mzizi hadi kirungu. Karatasi ipite huru kote. Ikibanwa, mkono unakaa juu ya mti badala ya bolti kufika mwisho wake, na meno ya mbele hayajafunga kikamilifu. Punguza mti, usipunguze mkono. Jaribu kulisha kwa risasi za bandia tu, kumi hivi, haraka na polepole.

Na leseni: kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Uliza polisi waliokupa leseni kabla ya kukata chochote, usiguse namba iliyogongwa, na bolti isilale kwenye karakana isiyo na kibali cha silaha hata usiku mmoja.

Darubini_Juu
Nimewaelewa wakuu. Nimepima sasa hivi: mkono ukiwa juu, kutoka kirungu cha zamani hadi darubini ni milimita 19. Cha kubana kinaongeza kama 6 kila upande.

Mlango_wa_Pili
Inabaki 13. Kidole cha shahada cha mtu mzima ni kama 16 hadi 18, kitagonga. Pandisha darubini kwa pete ndefu zaidi, au nenda kwenye kirungu cha nyuzi chenye umbo la peasi, chembamba upande wa mzizi. Kabla hujanunua, tengeneza umbo lake kwa udongo wa kuchezea watoto, ukibandike juu ya kirungu, uinue mkono mara ishirini.