Naombeni ushauri: nawashuhudiaje ndugu zangu wasioamini?

Mnyantuzu: Wakuu, niliokoka mwaka jana, gongo ilikuwa imenimaliza. Kwetu Bariadi ukoo mzima ni watu wa matambiko, mzee hajawahi kukanyaga kanisani. Wiki ijayo tuna kikao cha mahari ya dada, nataka nisimame nitoe ushuhuda. Naogopa hadi usingizi sipati. Nianzeje?

Mama Neema: Usihubiri, simulia tu. Petro anasema tumjibu kila atuulizaye, ila kwa upole. Wifi yangu aliniuliza mwenyewe, baada ya kuona kaka yake anarudi nyumbani mapema na mshahara mzima.

Mzee wa Mwanza: Mizimu unayoikimbia ndiyo iliyokulea. Mheshimu baba yako.

Bibie Kahama: Kuna kitu hujasema. Hao ni ndugu zako, unaogopa nini? Hela ya gongo ulikuwa unaitoa wapi?

Mnyantuzu: Sawa dada. Niliuza ng'ombe wawili wa mzee. Lawama ikamwangukia kijana aliyekuwa akituchungia, akapigwa, akafukuzwa. Lakini hilo nimeshatubu, damu ya Yesu imelifuta. Kwaya nimeshaialika na mchele nimenunua. Sioni sababu ya kulifukua.

Mjukuu wa Kanyigo: Babu yangu kule Bukoba alikuwa mtu wa Uamsho, ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Walokole wale wakiokoka walikwenda kuungama kwa waliowakosea na kurudisha walivyoiba. Babu alirudisha jembe la jirani, na jirani ndipo akaanza kumuuliza habari za Yesu. Hata Zakayo, Luka 19, aliahidi kurudisha mara nne.

Mzee wa Mwanza: Mara nne ni ng'ombe wanane, mlokole! 😂

Sikubali Kirahisi: Chai hii. Mnadani utauzaje ng'ombe bila barua ya mtendaji?

Mnyantuzu: Sikwenda mnadani. Nilimpelekea mchinjaji, usiku. Nani atunge aibu kama hii?

Sikubali Kirahisi: Humu watu wanatunga hata misiba.

Bibie Kahama: Iwe chai au kweli, huyo kijana yuko wapi sasa?

Mnyantuzu: Nasikia yuko Maswa, anabeba mizigo stendi.

Mama Neema: Maswa si mbali, mwanangu. Kwaya isubiri.

Mnyantuzu: Na mzee nimwambie kabla sijaenda, au nikirudi na kijana?