Mrejesho: trela letu limefika Skeleton Coast

Ndugu zangu, mwezi wa tisa niliuliza kama trela la kulalia linaweza kukokotwa kutoka Lubumbashi hadi hifadhi ya Skeleton Coast, Namibia. Linaweza. Tumerudi salama, asanteni sana.

Tulipita mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia, tukavuka mto Zambezi kuingia Katima Mulilo, Namibia. Kuendesha kushoto nilizoea siku ya pili. Barabara ya pwani, iliyoshindiliwa kwa chumvi, ni ngumu kama lami, ila ukungu ukiilowesha inateleza. Aliyenishauri niende polepole ameniokoa. Ndani ya lango la hifadhi la Ugab, lenye fuvu kubwa la kichwa, nilipunguza upepo wa matairi, lakini mtikisiko ulifungua kabati na sahani mbili zikavunjika.

Ukungu wenyewe! Bahari ile ina mkondo baridi wa Benguela, na alfajiri matone yalikuwa yakichuruzika dirishani kama mvua. Mke wangu alitoka amejifunga vitenge viwili. Kule Cape Cross, kusini mwa hifadhi, sili, wale wanyama wa baharini, wamelala ufukweni wakibanana, watoto wao wakilia kama mbuzi.

Mnaopanga kwenda: kambi ya Torra Bay, ndani ya hifadhi, hufunguliwa Desemba na Januari tu. Sisi tulienda Desemba.